Kilima Kinachohama

Ninyi watoto wa Ngara na Biharamulo mmezoea vilima vinavyokaa. Mgeni akielekezwa Rulenge huambiwa azunguke nyuma ya kilima fulani, na akirudi miaka 30 baadaye atakikuta palepale, na migomba yake mgongoni. Leo nawasimulia kilima ambacho huwezi kumwelekezea mtu njia, maana mwakani kitakuwa kimeshaondoka.

Kipo hapahapa Tanzania, mkoani Arusha, katika eneo la Ngorongoro, ng'ambo ya Korongo la Olduvai. Watu hukiita Mchanga Unaohama.

Tulikwenda likizo ya Juni, mimi, mume wangu na watoto. Ni mwendo. Ukitoka Ngara unapita Lusahunga na Nyakanazi, unaiacha Kahama, unaiacha Nzega, na Singida inakukuta umechoka. Sisi tulilala hapo. Kesho yake tukashika Babati, Makuyuni na Mto wa Mbu, kisha tukapanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Karatu, kwa rafiki zetu. Baba wa nyumba hiyo aliwahi kufundisha Biharamulo, na watoto wake wamekua wakiwaita wanangu ndugu. Siku ya safari yenyewe mama mwenyeji aliamka usiku, akatufungia viazi vitamu, maandazi na chai ya chupa, akatusisitiza tubebe maji mengi kuliko tulivyodhani. Alijua anachosema.

Baada ya Lodoare, lango la kuingilia Ngorongoro, tulipita msitu wa baridi wenye ukungu na miti iliyoota kuvu na ndevu za kijani. Tukazunguka juu ya kreta, kisha tukaanza kuteremka upande wa magharibi, na nchi ikabadilika mbele ya macho yetu. Majani yakawa mafupi na ya manjano, miti ikapotea, vumbi likaingia garini. Sababu yake ni hii: upepo wa mashariki unakuja na unyevu kutoka baharini, unakutana na milima ya Ngorongoro, unapanda, unapoa, unamwaga mvua yake hukohuko juu. Ukifika upande wa pili umebaki mkavu. Kwa hiyo pale si jangwa kamili, lakini ni nchi yenye kiu, na mchanga usioshikwa na mizizi hauna wa kuuzuia.

Tukakiona. Uwanda mtupu, mweupe kwa ukavu, na katikati yake kilima cheusi, peke yake, kimekaa kama mwezi mwandamo ulioshushwa chini. Urefu wake kwenda juu ni karibu mita 9, na kutoka pembe moja hadi nyingine ni takriban mita 100. Kando yake hakuna mchanga mwingine mweusi wa kukizunguka. Ndicho kilichonishangaza kuliko yote.

Binti yangu mdogo alimsogelea mzee wa Kimaasai aliyetuongoza.

"Shikamoo babu. Kilima hiki kinatembea usiku au mchana?"

"Marahaba mjukuu wangu. Kinatembea upepo ukivuma. Inama uone."

Tukainama wote. Upande wa mashariki, ambao mteremko wake ni wa taratibu, punje nyeusi zilikuwa zinarukaruka. Upepo unanyanyua punje kidogo, inaanguka mbele, inaigonga nyingine, nayo inaruka. Hivyo hivyo zinapanda mteremko hadi kileleni. Zikifika kileleni zinaangukia upande wa pili, ambao ni mkali na uliokingwa na upepo, na hapo zinatulia. Punje zilizokuwa nyuma sasa ziko mbele. Zikifunikwa na nyingine, zinasubiri chini mpaka kilima kizipite, zitokeze tena nyuma, zianze safari upya. Kilima chote kinasogea namna hiyo kuelekea magharibi, wastani wa mita 17 kwa mwaka. Kama una miaka 10, tangu uzaliwe kimekwenda mita 170, yaani kimeupita uwanja mzima wa mpira na bado kikaendelea. Nyuma yake kuna alama zenye miaka, zinazoonyesha kilipokuwa zamani. Wanangu walikimbia kutafuta mwaka wa karibu na waliozaliwa.

Hapo lilikuja swali ambalo hata wakubwa huuliza: mbona hakisambai? Kijana wangu alikuwa amekuja na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Alipoigusisha mchangani, ikaota ndevu nyeusi. Mchanga ule una madini mengi ya chuma, na wengi watakuambia ndiyo maana punje zinashikana na kusafiri pamoja. Madini hayo ni ya kweli, tuliyaona kwenye sumaku. Lakini mimi naamini umbo lina kazi kubwa zaidi. Vilima vya umbo hilihili vipo Sahara, vipo hata kwenye sayari ya Mirihi, na havihitaji sumaku ili visitawanyike. Panapokuwa na mchanga kidogo, ardhi ngumu, na upepo unaovuma kutoka upande mmoja karibu mwaka mzima, kilima hujijenga hivyo chenyewe. Pembe mbili ni nyembamba, na kitu chembamba kina punje chache za kuhamisha, kwa hiyo pembe hutangulia na katikati, penye mchanga mwingi, hufuata nyuma. Kwa sababu hiyo pia vilima vidogo huenda mbio kuliko vikubwa.

Mchanga wenyewe ulitoka wapi? Mzee alinyoosha fimbo upande wa kaskazini mashariki, uliko Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamaasai huuheshimu kuwa ni Mlima wa Mungu. Ni volkano iliyo hai, yenye urefu wa karibu mita 2,960, na duniani kote hakuna nyingine hai inayotoa lava ya aina yake. Lava za volkano nyingine hutoka zikiwa na joto la nyuzi 1,000 na zaidi. Ya Lengai hutoka kwa joto la karibu nusu ya hilo, nyeusi, laini, na ikikaa hewani hugeuka nyeupe. Wakati mwingine mlima huo hulipuka na kurusha majivu mbali, kama ulivyofanya mwaka 2007. Kilima chetu ni majivu ya milipuko ya kale, yaliyokusanywa na upepo.

Majivu hayohayo yameenea kwenye mbuga za Serengeti na kuzirutubisha. Majani yake mafupi yana madini ambayo nyumbu jike anayahitaji ili apate maziwa, ndiyo maana makundi makubwa huja kuzalia huko kati ya Januari na Machi. Mtoto wa mfugaji ataelewa upesi kuliko mimi.

Tuliombwa tusikipande kilima, na wanangu walinuna kidogo. Nyayo za watu wengi hubomoa ukingo wa juu, ule unaofanya kazi yote. Tulizunguka kwa miguu chini, na tulipogeuka nyuma nyayo zetu zilikuwa zimeanza kufutika. Nikawaambia habari ya Laetoli, mahali palipo kilomita kama 45 kusini mwa Olduvai. Huko nako yalianguka majivu ya volkano, lakini yalinyeshewa na mvua. Viumbe wa jamii ya kale ya binadamu wakapita juu yake kwa miguu miwili, majivu yakakauka, yakawa magumu, yakafunikwa na mengine. Mwaka 1978 kikosi cha mtafiti Mary Leakey kilizifukua nyayo hizo. Zina umri wa miaka milioni 3.6. Kote kuwili ni vumbi la volkano. Likiwa kavu, upepo unafuta nyayo zako kabla hujarudi garini. Likilowa kwa wakati wake, linazitunza kuliko jiwe la kaburi.

Kama huwezi kwenda Olduvai mwaka huu, tafuta sumaku ya spika, uifunge kwenye mfuko mwembamba wa nailoni ili punje zisiigande. Nenda kwenye lundo la mchanga wa kujengea shuleni kwenu, si mtoni, Kagera na Ruvubu si pa kuchezea. Pitisha taratibu mara kadhaa. Kikinasa kitu cheusi, hicho kina chuma ndani yake. Kiweke kwenye karatasi nyeupe, umwonyeshe mwalimu wako wa sayansi, umuulize kimetoka mwamba gani.