Kulisoma Sanduku la Santuri za Nyumbani

Santuri ndogo za inchi 7, zinazozunguka mara 45 kwa dakika, zilitolewa kwanza Marekani na kampuni ya RCA Victor mwaka 1949. Katika Afrika Mashariki ndizo zilizoubeba muziki wa dansi tangu miaka ya 1960 hadi kaseti zilipoteka soko. Katika nyumba nyingi za Kenya na Tanzania zingali chini ya kitanda au ndani ya sanduku la bati, na huonekana tena siku ya kuhama au ya kugawana vitu vya marehemu. Anayezikuta hutamani kuzipiga papo hapo. Afadhali azisome kwanza, kwa kuwa santuri ina mengi ya kueleza hata kabla ya kuguswa na sindano.

Hatua ya kwanza ni kutenga za kale zaidi. Santuri ya mizunguko 78 ni nzito, ngumu, na ikianguka huvunjika kama sahani ya udongo. Imetengenezwa kwa sheleki, utomvu wa wadudu ambao maseremala huutumia kung'arisha samani. Nyimbo ambazo Siti binti Saad wa Zanzibar alirekodi Bombay mwaka 1928 zilitoka katika santuri za aina hii. Mfereji wake ni mpana, na sindano yake ni nene karibu mara tatu kuliko ile ya santuri za plastiki. Ikipigwa kwa sindano nyembamba, sindano hiyo huzama hadi chini ya mfereji na kuokota vumbi na mikwaruzo badala ya sauti.

Baada ya hapo isomwe karatasi ya katikati, maana ndiyo cheti cha kuzaliwa cha santuri. Huwa na jina la bendi, la wimbo, mara nyingi la mtunzi, pamoja na lebo na namba ya toleo. Mwaka mara nyingi haupo, lakini jina la bendi linaweza kuufichua. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973, akaanzisha Super Volcano. Kwa hiyo santuri yake yenye jina la Super Volcano haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo. NUTA Jazz nayo iliitwa JUWATA baada ya chama cha wafanyakazi kilichoimiliki kubadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Karatasi ikiwa imefutika, kitazamwe kipande laini kinachoizunguka, pale mfereji unapoishia. Ukiinamisha santuri kwenye mwanga wa dirisha utaona namba zilizochorwa humo kiwandani, ambazo wakati mwingine hulingana na namba ya toleo.

Msomaji wa Tanzania asishangae kuona neno Nairobi kwenye santuri ya bendi ya Morogoro, Tanga au Dar es Salaam. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, hivyo muziki wake ulipitia Kenya. Mpaka wa nchi hizo mbili ulipofungwa mwaka 1977, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, njia hiyo nayo ikabanwa.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini kuliko yote ni pande mbili za santuri. Upande mmoja hauchukui zaidi ya dakika chache, ilhali bendi za dansi zilizoea kupiga wimbo kwa muda mrefu ukumbini. Wimbo mmoja basi mara nyingi ulikatwa vipande viwili, cha kwanza upande huu na cha pili upande ule. Upande wa kwanza ulibeba mashairi: kisa kinasimuliwa taratibu, magitaa yakiitikia. Upande wa pili ulibeba mapigo ya kuchezea, ambayo wanamuziki huyaita chemko. Mgawanyo huu ulikuwa na faida ya kiufundi pia. Sindano huanzia ukingoni, ambako mfereji hupita kwa kasi kubwa na sauti huwa safi, kisha huelekea katikati, ambako kasi hupungua na sauti kali huanza kukwaruza. Chemko lililofunguliwa kwenye ukingo wa upande wa pili lilipata nafasi bora ya upande huo. Ndiyo maana inafaa kulinganisha uchakavu wa pande zote mbili. Upande wa pili ukiwa na mifereji iliyopauka na kuwa ya kijivu huku wa kwanza ukimeremeta, nyumba hiyo ilikuwa ya wachezaji.

Usafishaji hauhitaji vifaa vya gharama. Maji yasiyo na chumvi, kama maji ya betri yasiyotiwa asidi, pamoja na tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, yanatosha. Kitambaa kifuate duara la mfereji wala kisikatize, na karatasi ya katikati isiloweshwe. Spiriti isiguse kamwe santuri za sheleki, kwa sababu huziyeyusha. Zote zihifadhiwe zikiwa zimesimama wima, mbali na jua na bati la paa. Pwani, bahasha za karatasi zilizoota kuvu zibadilishwe, lakini ile yenye maandishi ya mkono, hata kama ni jina tu la mwenye santuri, ikaushwe na kutunzwa kando.

Hapo ndipo santuri iko tayari kupigwa, na pigo la kwanza baada ya miaka mingi ni vyema lirekodiwe. Sindano iwe mpya, kwa sababu iliyochakaa huchonga mfereji. Faili liwe la WAV lisilobanwa, la biti 24, na jina lake libebe namba ya toleo na upande. Pande mbili za wimbo mmoja zihifadhiwe kama faili mbili. Anayetaka kuziunganisha aziunganishe kwenye nakala, ili sauti inavyofifia mwishoni mwa upande wa kwanza na inavyoibuka mwanzoni mwa wa pili ibaki kama ilivyotoka kiwandani.