Sifuri Mbili Kwenye Chupa

Chupa ilikuwa juu ya meza, Khuwair ya Kusini, hapa Oman, imetoka kwenye friji sasa hivi, matone yakitiririka juu yake. Kinywaji cha kimea, ladha ya komamanga. Mbele pameandikwa kwa tarakimu kubwa: 0.0. Mwenye nyumba, mzee aliyezaliwa Unguja, aliinyanyua kwa furaha ya mtu aliyepata dawa. "Hii ndiyo yangu, mwanangu. Nina sukari mimi, soda siwezi. Hii sifuri kwa sifuri." Hunywa mbili kila usiku.

Zile sifuri hazikunitoka kichwani. Siku ya tatu nilinunua chupa kama ile, nikampelekea mshauri wa lishe wa mtaa huohuo, dada wa Kiomani anayesema Kiswahili cha mama yake wa Pemba. Aliomba nisimtaje jina. Upande wa mbele hakuutazama kabisa. Aliigeuza chupa.

"Sifuri ya nini? Ya pombe, basi. Nani kasema sifuri ya sukari?"

Nyuma, kwa maandishi madogo: sukari gramu 9 katika mililita 100. Lakini chupa ina mililita 330, na hakuna anayekunywa theluthi yake akaifunika. Dada akatoa glasi tupu, kopo la sukari na kijiko cha chai. Akachota, akakwangua juu kwa kisu kijiko kiwe sawasawa: gramu 4. Kimoja. Viwili. Alihesabu kwa sauti, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Alipofika saba akaongeza karibu nusu. Sukari ikalala chini ya glasi, nyeupe, unene wa kidole.

"Hiyo moja. Mzee wako anakunywa mbili."

Mbili ni karibu gramu 60. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi.

"Wazee wetu wanalijua jambo hili," akasema. "Tembo la mnazi likigemwa asubuhi ni tamu. Liache mpaka jioni, limekuwa kali. Utamu umekwenda wapi? Hamira imeula, ikaugeuza pombe. Hapa hamira haikuachwa ifanye kazi, au pombe imeondolewa, kisha wakatia sukari na ladha."

Na pombe yenyewe? Hakusita, kwani kwake huja watu wa kila aina. Gramu moja ya alkoholi ina kalori 7, ya sukari 4, ya mafuta 9. Bia ya kawaida ya mililita 330 ina kalori kama 140, nyingi zikitoka kwenye alkoholi. Wiski haina sukari, ila wengi huichanganya na soda. "Na anayejidunga insulini akinywa, ini linashughulika na pombe, linaacha kutoa sukari. Sukari yake inaweza kushuka mno akiwa usingizini."

Huko Ulaya sheria iliviachia vinywaji vyenye alkoholi zaidi ya asilimia 1.2 visiandike kalori. Mvinyo umelazimishwa tangu Desemba 2023 tu. Hapa Oman soda zilitozwa kodi ya asilimia 50 mwaka 2019, vinywaji vingine vyenye sukari vikafuata Oktoba 2020. Bei imepanda, sifuri zimebaki palepale, kubwa.

Kwa nini kisichokuwemo kiandikwe mbele na kilichomo kifichwe nyuma? Na mzee aliyeacha halua, akaacha soda, nani atamwambia aache na hii? Dada alinyamaza kidogo. "Mimi humwambia mgonjwa anywe nusu glasi, na chakula, si kila siku. Wengine hulia."

Ukiwa na mzee nyumbani, igeuze chupa yake leo. Tafuta mstari wa sukari katika mililita 100, zidisha kwa 3.3 kama chupa ni ya mililita 330, gawa kwa 4, kisha umhesabie vijiko akiviona.