Fundi Muunganishi na Usalama wa Abiria

Basi litokalo Arua kwenda Kampala husafiri karibu kilomita 500. Huvuka Mto Nile mara mbili, Pakwach na Karuma, kisha hupita katika wilaya ya Nakasongola. Abiria waliotoka Omugo, katika wilaya ya Terego ambayo mpaka mwaka 2020 ilikuwa sehemu ya Arua, husinzia njiani bila wasiwasi. Wanamwamini dereva waliyemwona, na pia wanamwamini mtu wasiyemjua kabisa, yaani fundi aliyeliunganisha basi hilo kiwandani. Mazungumzo ya leo yanaeleza kazi ya fundi huyo.

Fundi wa gereji hupokea mashine iliyoharibika akatafuta kasoro. Fundi muunganishi hupokea vipande vipya pamoja na mchoro, na wajibu wake ni kuhakikisha kwamba kasoro haizaliwi. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Ford huko Marekani, kazi iligawanywa hivi kwamba gari lilimfuata fundi mahali alipo, na kila fundi akafanya jambo moja tu. Muda wa kuunganisha gari ukapungua kutoka saa zaidi ya 12 hadi kama saa moja na nusu. Faida ilikuwa kubwa, lakini hatari nayo ilikua, maana kosa la mtu mmoja huweza kurudiwa katika kila gari linalopita mbele yake.

Chukueni mfano wa bolti. Bolti inapokazwa hurefuka kidogo mno, kama mpira uliovutwa, na ile nguvu yake ya kutaka kurudi ndiyo inayobana vyuma viwili pamoja. Ikikazwa pungufu, mtikisiko wa barabara huilegeza nati mpaka ikadondoka. Ikikazwa kupita kiasi, chuma hupoteza nguvu hiyo na bolti huweza kukatika siku isiyotazamiwa. Kwa hiyo fundi hategemei ubavu wake, bali hutumia spana yenye kipimo. Nati za gurudumu huzikaza kwa kuvukisha, kila moja ikifuatwa na iliyo mkabala nayo, ili gurudumu likae sawa. Kisha hutia alama ya rangi, kusudi mkaguzi atambue mara moja nati iliyosogea.

Askari hawatakuta jambo geni hapo. Anayefungua bunduki yake huvipanga vipande kwa utaratibu, huvirudisha kwa kuufuata utaratibu huo kinyumenyume, na mwisho huijaribu. Kipande kikibaki juu ya kitambaa, silaha haijakamilika, hata ikiwa kwa macho inaonekana nzima. Kiwandani vivyo hivyo, nati moja iliyobaki sandukuni yatosha kusimamisha kazi.

Lakini jambo gumu zaidi ni kusema. Fundi aliyeharibu meno ya bolti huweza kunyamaza kwa kumwogopa msimamizi, na gari likaondoka na siri hiyo. Katika viwanda vya Toyota huko Japani, fundi yeyote ana ruhusa ya kuita msaada, na kazi ikasimama ikiwa kasoro haijaondolewa. Utaratibu huo hauvunji nidhamu. Katika uwanja wa shabaha, anayeona hatari hupaza sauti ili upigaji ukome, ajapokuwa kuruta.

Nchini Uganda ufundi huu umekwisha kuingia katika jeshi lenyewe. Shirika la uchumi la jeshi, NEC, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1989. Katika kiwanda chake cha Luwero Industries huko Nakasongola yaliunganishwa mabasi ya umeme ya Kayoola ya kampuni ya Kiira Motors, na shirika hilo hilo likapewa kazi ya kujenga kiwanda cha kampuni hiyo huko Jinja, iliyoanza mwaka 2019. Wapo wasemao kwamba kuunganisha ni kukaza tu nati za wageni. Ni kweli kwamba vipande vingi hutoka ng'ambo. Hata hivyo, anayeunganisha kila siku ndiye ajuaye kipande kipi huchakaa upesi na kipi chaweza kutengenezwa nyumbani, na hapo ndipo uundaji unapoanzia.

Huko Omugo, ambako wakimbizi wa Sudan Kusini walianza kupewa makazi mwaka 2017, vijana wenye mikono myepesi hutengeneza baiskeli na pikipiki chini ya miti. Wanachohitaji ili wafae kiwandani ni kusoma mchoro, kutumia vipimo na kuandika kila walichofanya. Askari fundi anayestaafu na kurudi kijijini anao ujuzi huo, naye hana budi kuwarithisha.

Na kila dereva wa jeshi au polisi akumbuke kwamba gurudumu lililobadilishwa hukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza. Kazi hiyo huchukua dakika chache tu, nayo huokoa maisha ya watu.