Waliovunja Rekodi za Njia ya Tabora

Uliza vijiweni Mtendeni, pale Tabora mjini, ni Mtanzania gani aliyevaa jezi nyingi ughaibuni, na jina la Mbwana Samatta halitakawia: Mazembe, Genk, Aston Villa, Fenerbahçe, Antwerp, PAOK. Shabiki wa besiboli kule Marekani naye alikuwa na Octavio Dotel wa Jamhuri ya Dominika, aliyechezea timu 13 za ligi kuu, mpaka Edwin Jackson alipofikisha 14 mwaka 2019. Lakini Tabora ilikuwa na watu wa aina hiyo kabla mpira haujafika, enzi ambazo Wazungu waliuita mji huu Kazeh, na mtu alihama mwajiri mmoja kwenda mwingine kwa miguu yake. Hawa ndio ninaowapanga hapa.

Sharti langu ni moja: anahesabiwa aliyelipwa kwa kutembea. Wazungu wa misafara nimewaondoa mashindanoni. Sanamu wanazo za kutosha, na zaidi ya hapo Burton alipougua alibebwa kwenye machela, naye Livingstone alimaliza siku zake za mwisho njiani juu ya kitanda mabegani mwa watu. Mabega hayo ndiyo yenye rekodi.

Nafasi ya kwanza haina ubishi: Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa kwenye miaka ya 1820 katika nchi ya Wayao, akatekwa angali mtoto, akauzwa Kilwa na kuvushwa bahari mpaka India. Bwana wake alipofariki aliachwa huru, akarudi Unguja na kuingia jeshi la Sultani. Mwaka 1857 Burton na Speke walimkuta katika ngome ya Chogwe, karibu na Pangani. Miaka ya India, ambayo kwake ilikuwa ya utumwa, sasa ikageuka mtaji, kwa sababu alizungumza Kihindustani, lugha ambayo maofisa hao wawili waliijua kutoka jeshini. Speke, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, hakuwa na mdomo mwingine njiani.

Hesabu sasa mikataba yake. Wa kwanza, 1857 hadi 1859, ulimfikisha Ujiji, kisha Mwanza, ambako Speke aliliona ziwa aliloliita Victoria Agosti 1858. Wa pili, 1860 hadi 1863, akiwa na Speke na Grant, ulimpitisha Tabora, Karagwe na Buganda, akashuka na Nile mpaka Kairo. Wa tatu, 1871, ulikuwa wa Stanley aliyemtafuta Livingstone. Wa nne ulikuwa wa Cameron, kuanzia 1873. Huo uliondoka Bagamoyo na kutokeza pwani ya Angola Novemba 1875, bahari hadi bahari. Wanaokadiria jumla ya safari zake hutaja kilomita 9,600 hivi, nyingi kwa miguu, na sijamwona wa kumpita katika misafara hiyo ya utafiti.

Katika mshahara nako aliwapita wenzake. Stanley alimwajiri kwa dola 80 kwa mwaka, nusu mkononi kabla ya kuondoka, wakati wenzake wa zamani wa Speke walipata 40. Hata hivyo Stanley hakumpenda na alimwandika vibaya kurasa nyingi. Speke alimsifu sana, ingawa kuna siku walipogombana alimshindilia ngumi kichwani mbele ya watu. Nikimsoma Bombay kupitia kalamu za mabwana zake, namwona mtu aliyejua thamani yake sokoni. Julai 1862 huko Urondogani, Speke alipofika Nile aliwataka watu wake wanyoe nywele na kuoga katika mto huo mtakatifu. Bombay akamjibu kwamba wao hawayatazami mambo kwa namna hiyo ya kufikirika, wanaridhika na maisha ya kila siku. Kwa kauli hiyo peke yake ningempa nishani. Ile ya fedha alipewa na Jumuiya ya Kijiografia ya London, na baadaye pensheni. Mji wenyewe wa London hakuuona. Alifariki 1885.

Kwa aliyeona nchi nyingi zaidi, kura yangu naipeleka kwa Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kando ya Zambezi. Mwaka 1864 alikuwa baharia katika chombo kidogo ambacho Livingstone alikiendesha mwenyewe kutoka Unguja hadi mji wa Bombay. Mwaka 1874 alikuwa Uingereza, akisaidia kuyasoma madaftari ya marehemu. Miaka michache baadaye akawa Kongo na Stanley, katika kazi iliyozaa kituo cha Leopoldville, Kinshasa ya leo. Akarudi Unguja, akabatizwa jina la David, akafariki 1891.

Mzigo mgumu kuliko yote uliowahi kupita Tabora ulikuwa maiti. Livingstone alifariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Susi, James Chuma na wenzao wakautoa moyo na matumbo na kuyazika chini ya mti, wakaukausha mwili juani na kuufunga. Kati ya hao wenzao alikuwemo Halima, mpishi, mmoja wa wanawake wachache wa misafara walioachiwa jina katika maandishi. Oktoba walifika Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, na kumkuta Cameron, aliyewashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Ofisa wa Kizungu anashauri, watu wa mshahara wanapiga kura ya hapana, na kura yao ndiyo inayopita: kisa cha namna hiyo ni adimu katika karne ile.

Walipofika Kasekera wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Basi wakatengeneza maiti ya bandia kwa mabua, wakaifunga kwa heshima zote, wakaituma irudi Unyanyembe kana kwamba inakwenda kuzikwa. Ile ya kweli wakaifunga upya kama mtumba wa nguo. Mtumba huo ukapita mbele ya kila mtu, na Februari 1874 ukaingia Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,600 kutoka ulikofungwa.

Miongoni mwa safari zilizochukua siku nyingi ni ile ya msafara wa Stanley wa 1874 hadi 1877. Mwenyewe alihesabu siku 999 tangu Unguja hadi Boma, karibu na mlango wa mto Kongo. Tabora hawakuipitia, maana toka Ugogo walikatisha kaskazini kwenda Mwanza. Kapteni mkuu alikuwa Manwa Sera, mtu wa safari ya 1871, na ndiye aliyewachanja Stanley na mtemi Mirambo walipofanya udugu wa damu Aprili 1876. Waliondoka watu zaidi ya 300. Stanley alipoandika barua ya kuomba chakula karibu na Boma walikuwa 115, na wenzake watatu wa Kizungu wote walikuwa wamekufa.

Ndani ya msafara huo yumo mshindi wa pekee, Uledi, nahodha wa mashua ya Lady Alice. Stanley anamhesabia watu 13 aliowaokoa wasizame. Uledi huyo huyo alikamatwa na shanga za wizi wakati wa njaa, na shanga ndizo zilizokuwa posho ya wote. Ilipoamuliwa achapwe, nduguye Shumari akajitolea abebe nusu ya adhabu, jamaa yao Saywa akaomba nusu iliyobaki. Wote wakasamehewa. Baadaye Uledi alikuwa miongoni mwa waliojitolea kuipeleka ile barua Boma.

Aliyeifunga njia kuliko wote, bila ushindani, ni Mirambo wa Urambo. Huyu hakulipwa na mtu, ila bila yeye orodha ingekuwa na pengo. Agosti 1871 vijana wake, ruga-ruga, walichoma sehemu ya Tabora huku Stanley akitazama moshi kutoka Kwihara, jirani na mji, na kwa miaka mitano hivi biashara ya kwenda Ujiji ilizunguka kusini au ilisubiri.

Msafara salama kuliko wote ulikuwa wa James Chuma, aliyekuwa mkuu wa msafara wa Keith Johnston 1879. Johnston alifariki mapema huko Behobeho, uongozi ukabaki kwa Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Aliyewafikisha watu 150 hivi maziwani na kuwarudisha kupitia Tabora mpaka pwani, karibu wote wazima, alikuwa Chuma. Linganisha na zile siku 999.

Kuhusu kasi: Burton aliingia Kazeh siku ya 134 tangu aondoke pwani mwaka 1857. Stanley aliporudi 1872 alitoka Kwihara na kufika Bagamoyo kwa siku zipatazo 54. Tofauti kubwa ilikuwa hongo (ushuru wa kupita katika nchi za watu), mvua na idadi ya mizigo.

Na mizigo ndiyo iliyokuwa kazi ya Wanyamwezi, mabingwa wa fani yenyewe. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, kilo 32 hivi, juu yake mkeka, chungu na chakula cha mpagazi mwenyewe. Wa pembe kubwa za ndovu walizidi hapo, wakatembea mbele kwa majivuno na njuga miguuni. Kiburi hicho kilikuwa na msingi: walijadili ujira, na bei ikiwa mbaya walitua mizigo wakarudi mashambani.

Reli ilifika Tabora 1912. Miaka miwili baadaye vita vikaanza, na wapagazi wakarudishwa njiani na Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji waliouteka mji Septemba 1916, safari hii bila wa kujadiliana nao ujira.