Umeongeza RAM, sasa kompyuta inaganda: anza kukagua hapa

Mwenye steshenari anaongeza RAM ili kompyuta iende haraka. Siku ya kwanza inakimbia. Siku ya pili, katikati ya kuchapa fomu ya mteja, mshale wa mausi unasimama, kibodi haijibu, na hakuna njia ila kuizima kwa kitufe. Ukiiwasha inafanya kazi, kisha inaganda tena.

Hapo ushauri huanza kumiminika: "Piga Windows upya", "Diski imekufa hiyo". Fedha inatoka na tatizo linabaki palepale. Msikilizaji, kama kompyuta ilikuwa haigandi kabla ya kuongezwa RAM, mshukiwa wa kwanza ni kile kilichobadilishwa.

Kwa nini usichelewe

RAM ni kama meza ya kazi, na diski ni kabati. Kila unachoandika hupita mezani kwanza, ndipo kiende kabatini. Meza ikiwa mbovu, haigandishi kompyuta tu. Inaweza kuharibu faili wakati unaihifadhi, nawe usijue. Orodha ya matokeo ya wanafunzi au hesabu za chama cha ushirika zinaweza kuingia kabatini zikiwa na kasoro.

Ndiyo maana si vizuri kupiga Windows upya RAM yenye mashaka ikiwa bado ndani. Hata hiyo Windows mpya itapita kwenye meza ileile mbovu. Vivyo hivyo, usikimbilie kunakili mafaili kwenye flashi. Toa kwanza RAM mpya, kisha ndipo unakili.

Hatua kwa hatua

1. Rudisha kompyuta ilivyokuwa. Zima kabisa, chomoa waya wa umeme ukutani. Kama ni laptopu, chomoa chaja na utoe betri. Ikiwa betri imefungwa ndani, mwachie fundi. Gusa kwanza chuma cha kasha la kompyuta ili umemetuli wa mwilini utoke, kwa sababu unaweza kuua RAM bila wewe kuhisi chochote. Toa RAM mpya, bakiza ya zamani, kisha fanya kazi zako za kawaida kwa siku mbili. Ikiacha kuganda, umejua pa kutafuta. Ikiendelea, angalia mambo mengine: waya uliolegea wakati wa kufungua, feni isiyozunguka, au vumbi linaloifanya ichemke.

2. Ikalishe vizuri. RAM iliyoingia nusu huweza kuwaka leo na kuganda kesho. Kwenye kompyuta ya mezani, bonyeza mpaka vishikizo vya pembeni vijifunge vyenyewe. Kwenye laptopu, ingiza kwa mshazari mpaka mwisho, kisha ilaze hadi ishikwe pande zote mbili. Puliza vumbi kwenye tundu lake kwa pampu ndogo, si kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu. Meno ya shaba usiyashike kwa vidole.

3. Jaribu moja moja. Weka RAM mpya peke yake, kwenye tundu lilelile iliyokuwa ikikaa ya zamani. Ikiganda, RAM hiyo ni mbovu au haiendani na mashine. Isipoganda, ihamishie tundu la pili. Ikigandia huko tu, shida ni tundu, si RAM. Kama kila moja inafanya kazi vizuri peke yake kwenye matundu yote, lakini zikiwa pamoja kompyuta inaganda, basi hizo mbili haziendani.

4. Soma lebo. Piga picha lebo za RAM zote mbili kwa simu yako na uzilinganishe. PC3 ni DDR3, inayotumia volti 1.5. PC3L ni DDR3L, inayoweza kutumia volti 1.35. PC4 ni DDR4, inayotumia volti 1.2. DDR3 na DDR4 haziingiliani, kwa kuwa pengo la kwenye meno yake liko mahali tofauti, usilazimishe. Mtego uko kwa DDR3 na DDR3L. Zinalingana kwa umbo na zinaingia tundu moja, lakini baadhi ya laptopu zinataka DDR3L tu. Mwendo ukitofautiana, kwa mfano 1333 na 1600, kwa kawaida zote hufuata ule wa chini, ila baadhi ya mashine hukataa mchanganyiko huo.

5. Pima. Windows ina kipimo chake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched kisha bonyeza Enter, na ukubali kuwasha upya. Laptopu iwe kwenye chaja, na umeme uwe wa uhakika. Kikisema kuna hitilafu, acha kuitumia RAM hiyo. Kikisema salama lakini kompyuta bado inaganda, rudi hatua ya tatu, maana kipimo hiki hakikamati kila ubovu.

Kabla ya kununua

Dukani nenda na picha ya lebo ya RAM yako ya zamani, pamoja na jina na namba ya modeli ya kompyuta. Uliza kiwango cha juu ambacho mashine yako inapokea, kwa sababu kila modeli ina kikomo. Kubalianeni mapema, na yaandikwe kwenye risiti, kwamba ukiirudisha ndani ya siku kadhaa utabadilishiwa. RAM nyingi madukani ni za mtumba, na ubovu wake hauonekani kwa macho.

Fundi naye akikuambia diski imekufa, mwombe jambo moja kabla ya kutoa fedha: atoe RAM mpya, awashe kompyuta, muone inavyokwenda. Jaribio hilo halikugharimu hata senti.