Kairo: Darasani Kiarabu Kimoja, Barabarani Kingine

Kijana wa Lamu, Tanga au Unguja anayekwenda Kairo kusoma Kiarabu hafiki mikono mitupu. Herufi anazijua tangu chuoni kwao, Qur'ani ameshaihitimu, na tajwidi imemlainisha ulimi kwenye ‘ain na dhwad, sauti zinazowatoa jasho wageni wengine. Hata hivyo, siku ya kwanza anapoingia dukani kununua sabuni, nusu ya anachoambiwa kinampita. Miaka yote ile alikuwa akisoma Kiarabu. Kukizungumza hakuwahi kufundishwa.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanzia, na ni kazi ya kutwa nzima, si ya darasani tu.

Safari ya Waafrika kwenda kusoma Misri ni ya kale. Msikiti wa Al-Azhar ulifunguliwa mwaka 972, na kwa karne nyingi wanafunzi wageni waliishi mle mle, kila jamaa katika sehemu yake iliyoitwa riwaki. Watu wa Pembe ya Afrika walikuwa na riwaki ya Jabarti, na katika ukoo wa masheikh wake alizaliwa Abdurrahman al-Jabarti, mwanahistoria mkubwa wa Misri aliyefariki mwaka 1825. Mwishoni mwa miaka ya 1950, serikali ya Gamal Abdel Nasser iliwajengea wanafunzi wa nje mji wao wa mabweni huko Abbasiya, Madinatul-Bu'uth, ambao hadi leo unapokea vijana kutoka pembe nyingi za dunia. Katika muongo huo huo Redio Kairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na miongoni mwa sauti zake walikuwemo vijana wa Zanzibar waliokuwa wakisoma mjini humo.

Asiyepata nafasi bwenini hupanga nyumba na wenzake katika mitaa ya Nasr City, hasa Hayy as-Sabi' na Hayy al-Ashir, wanakoishi wageni wengi. Wanafunzi wa kike nao wana mabweni yao na vitivo vyao. Al-Azhar ilianzisha chuo cha wasichana kufuatia sheria ya mwaka 1961 iliyoupanga upya uongozi wake.

Mgeni asiyezaliwa na Kiarabu hupimwa kwanza kiwango chake cha lugha, na mara nyingi huanzia masomo ya lugha kabla ya kuruhusiwa kuingia kitivoni. Wengi huvunjika moyo wakipangwa ngazi za chini, ilhali kwao walikuwa wakiitwa maustadhi. Lakini kusoma ukurasa kwa sauti nzuri ni jambo moja, na kuandika insha au kumjibu mwalimu papo hapo ni jambo jingine kabisa. Upatanisho wa maneno haumtishi Mswahili, kwa kuwa amekulia katika ngeli. Kinachomsumbua ni jinsia. Kiswahili kina “wewe” mmoja kwa baba na kwa mama. Kiarabu kina wawili, na kitenzi nacho hubadilika. Basi mwezi wa kwanza muuza mboga wa kike husemeshwa kama mwanamume, naye hucheka na kusahihisha. Masahihisho hayo ya sokoni yana thamani zaidi kuliko yale ya kalamu nyekundu, kwa sababu hayasahauliki.

Baada ya vipindi vya asubuhi, wenye bidii hukimbilia darsa katika msikiti wa Al-Azhar. Sheikh huketi, wanafunzi humzunguka chini, kila mmoja na kitabu mkononi. Wanaoanza nahau husoma Ajurumiya, kitabu kidogo cha Ibn Ajurrum wa Fes aliyefariki mwaka 1323, ambacho madrasa nyingi za pwani yetu pia hukisomesha. Waliokomaa huhifadhi Alfiya ya Ibn Malik, sarufi nzima iliyofungwa katika beti zipatazo elfu moja. Hatua chache kutoka hapo, nyuma ya msikiti, ni Darb al-Atrak, uchochoro wa maduka ya vitabu ambamo pesa ya chakula huweza kuishia kwenye juzuu za tafsiri.

Mwanafunzi akitoka pale, mambo hugeuka. Neno “uridu” alilofundishwa kwa maana ya “nataka” halisikiki mtaani. Wenyeji husema “ayiz”, na mwanamke husema “ayza”. Qafu humezwa, kahawa ikawa “ahwa”. Jimu huwa ga, ndiyo maana dunia ilimjua Rais Nasser kwa jina la Gamal, si Jamal. Na mtu wa kwetu ana mtego wake wa peke yake: saa. Akiambiwa waonane saa mbili, moyo wake wa Kiswahili humpeleka asubuhi, kumbe mwenzake amekusudia mchana, saa nane yetu.

Shule kubwa kuliko zote ni basi dogo la abiria. Mengi hayana kondakta. Nauli hupitishwa mkono kwa mkono kutoka nyuma hadi kwa dereva, na anayekaa mbele ndiye hukusanya na kurudisha chenji. Mwanafunzi aliyekalia kiti hicho lazima asikie noti imetoka kwa nani, ni ya watu wangapi na baki ni kiasi gani, tena haraka, huku honi zikilia pande zote. Anayeiweza kazi hiyo bila kubabaika ameshakijua Kiarabu cha Kairo.

Chakula hakimtesi. Asubuhi kuna mkate wa baladi, ful ya maharage na taamiya, ambayo ni ndugu wa bajia zetu za kunde. Mchana kuna koshari ya wali, dengu na tambi, inayoshibisha kwa bei nafuu. Baridi ndiyo humshangaza: Januari, usiku huweza kushuka hadi nyuzi 9, na vyumba vingi havina kipasha joto. Foleni ya kibali cha ukaazi nayo hula siku nzima. Tangu Machi 2024, thamani ya pauni ilipoachiwa na kuporomoka, bei za vitu zilipanda, na anayepata fedha za Misri peke yake huhesabu kila senti.

Mpira hufungua milango. Oktoba 2023 Simba ilitoka sare ya 2–2 na Al Ahly Dar es Salaam, kisha 1–1 Kairo, na Mtanzania aliyetaka kuzungumza na kinyozi au muuza chai hakukosa pa kuanzia.

Hatari iliyopo ni nyumba yenyewe. Vijana sita wa Kitanzania wakipanga pamoja, hupika pamoja, husoma pamoja na hulala wakizungumza Kiswahili. Upweke hupungua, na hilo ni jema, lakini mtu anaweza kumaliza mwaka mzima akiwa Kairo na masikio yake yakiwa Temeke. Wanaofika mbali ni wale waliochagua angalau mwenzao mmoja asiyejua Kiswahili, awe Mmisri, Mwindonesia au Mnigeria, ili Kiarabu kiwe lugha ya lazima sebuleni.

Kwa hiyo mzazi unayemwandaa mwanao, msomeshe nahau na mazungumzo kabla hajapanda ndege, utenge gharama za mwaka mzima wa lugha kabla ya kitivo, na usimharakishe kwa kumuuliza atarudi lini na shahada.