Fundi wa Taa: Ujuzi Unaostahili Mafunzo

Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulitangaza hati ya Inter Mirifica juu ya vyombo vya mawasiliano ya jamii. Namba 15 ya hati hiyo inataka mapadre, watawa na walei waandaliwe bila kuchelewa, ili wavitumie vyombo hivyo kwa ustadi. Leo parokia nyingi hurusha Misa mbashara na kurekodi vipindi vya katekesi. Kamera hununuliwa kwa michango ya waamini, lakini taa mara nyingi huachiwa kijana yeyote aliye karibu. Yafaa tufahamu kijana huyo anapaswa kufundishwa nini.

Somo la kwanza ni umeme, kwa kuwa linagusa uhai. Taa ya wati 2,000 katika umeme wa volti 230 huvuta takriban ampea 8.7. Taa mbili za namna hiyo hupita ampea 17, ilhali soketi ya kawaida ya ukutani imetengenezwa kwa ampea 13. Taa za LED hupunguza mzigo, lakini hesabu haibadiliki. Fundi hujifunza pia kuukunjua waya wote wa ekstensheni, kwani ukiachwa umeviringishwa huku ukibeba mzigo mkubwa huweza kuungua. Tena huweka mfuko wa mchanga kwenye miguu ya stendi, taa isije ikawaangukia wanakwaya.

Somo la pili ni mpangilio na rangi ya mwanga. Taa kuu hukaa mbele, upande mmoja. Taa ya kujazia, iliyo hafifu zaidi, hupunguza vivuli upande wa pili. Taa ya nyuma humtenga mtu na ukuta. Mwanga wa balbu ya halojeni hukaribia Kelvini 3,200 na huelekea manjano. Ule wa mchana hukaribia 5,600 na huelekea buluu. Fundi asipoilinganisha miwili hiyo, uso wa msomaji utaonekana una rangi mbili.

Somo la tatu ni uso wa mwanadamu. Padre mwenye ngozi nyeusi huvaa alba nyeupe. Kamera ikijipimia mwanga yenyewe huifuata alba, na uso hugeuka giza. Kwa hiyo fundi hupima mwanga usoni, huupitisha katika kitambaa cheupe kipana ili ulainike, na huuzuia usiimwagikie alba. Mgonjwa anayefuatilia Misa akiwa kitandani anastahili kuuona uso wa anayemhubiria.

Zaidi ya hayo, fundi wa kanisani hufundwa liturujia. Katika Kesha la Pasaka kanisa huwa gizani, na mwanga huenea kutoka Mshumaa wa Pasaka. Taa huwashwa baada ya tangazo la tatu la shemasi. Anayewasha zake mapema kwa ajili ya kamera huifuta ishara ambayo kamera ililetwa kuionyesha.

Njia ya mafunzo ipo. Kijana anaweza kuanza na kozi ya umeme katika chuo cha VETA, kisha akae chini ya fundi mzoefu studioni, akibeba waya na stendi hadi jicho lake likomae. Basi, halmashauri ya walei inapopanga bajeti ya kamera, na itenge pia ada ya kijana mmoja. Kamera huchakaa, ujuzi hauzeeki.